Dole Gumba

Wiki sita nililala kama gogo la mninga
lililosahauliwa na msumeno.
Baridi ya Kaliua ilinigandisha kitandani hadi saa nne,
na hakuna aliyegonga mlango kuniuliza
mshipa wa fahamu wa saba unatokea wapi.

Nilimenya karanga. Nilikula michembe na maziwa ya mgando.
Nilimfuata baba porini, akateremsha mzinga,
asali ikanitiririka hadi kiwikoni
nisitaje jina la mfupa hata mmoja.
Vitabu vilikaa uvunguni;
yule kuku mwenye shingo tupu akatagia juu ya patholojia.
"Mwacheni," mama alisema. "Mtoto amekuja kupumzika."

Na mama alivaa soksi.
Soksi za baba, za sufu, za kukeshea bani la tumbaku.
Baridi, alisema.
Mimi niliyesifiwa na Dakta Mlekwa mbele ya wadi nzima
kwa kuona umanjano kwenye jicho la mgonjwa
kabla hajaketi,
nilizitazama soksi zile siku arobaini na mbili
nikaona soksi.

Juzi usiku treni ya kutoka Kigoma ilichelewa
(kwa hilo haijawahi kutuangusha).
Tulikaa jikoni tukisikilizia honi.
Akavua moja kukung'uta jivu.
Pale mpira ulipobana palikuwa na mfereji,
kama kamba iliyofunga gunia la mahindi.
Sikuomba ruhusa. Niliweka kidole gumba
juu ya muundi wake, nikabonyeza,
nikahesabu hadi tano kama tulivyofundishwa,
nikaachia.

Shimo likabaki.
Likabaki mama akinitazama,
likabaki kuni ikipasuka, sufuria ikianza kuimba,
likawa linajaa polepole,
kama unyayo wa ng'ombe kwenye mbuga iliyolowa.

"Tangu lini?"
"Tangu mbaazi zichanue."
"Na hukusema?"
"Ningesema, ungelala saa ngapi?"

Mwaka juzi, ofisini kwa mtendaji,
alichovya dole gumba kwenye wino wa zambarau
akalikandamiza chini ya fomu zangu za mkopo,
mahali palipoandikwa Mdhamini.
Hakuna aliyemsomea yale maandishi madogo.
Wino uliobaki alinipaka shavuni, akicheka:
"Na wewe nimekusaini."

Kabla ya honi niliandika kikaratasi kwa tabibu wa pale:
Presha. Mkojo. Msikilize moyo, tafadhali.
Akisema ni baridi, usimwamini.
Baba alikikunja mara nne, akakitia kwenye kofia yake,
mahali anapoweka vitu visivyopotea.

Behewa lilinuka mawese na dagaa.
Sikulala. Urambo ilipita gizani kwa taa mbili.
Nilikuwa nikijiuliza kama msimamizi wa mtihani:
moyo, figo, au ini? Toa sababu.
Alama kumi.

Tabora kulipambazuka na vumbi lake jekundu,
lango la chuo lina rangi mpya, choo kile kile.
Bukuru amerudi kutoka Kasulu na dumu la mafuta
na kicheko cha kuamsha bweni zima:
"Kashindye! Umenawiri! Likizo imekupenda!"
Nikasema ndiyo.
Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyoniuma.

Leo saa mbili, Dakta Mlekwa ameanza na figo.
Wengine wanapiga miayo, kalamu hazijazoea mikono.
Mimi naandika kila neno, hata kikohozi chake,
na pembeni ya ukurasa nimebonyeza kidole gumba
chenye nta ya nyuki bado kwenye ukucha.
Karatasi haishiki shimo.

Saa saba simu ikatetemeka mfukoni. Baba,
ambaye huandika kwa herufi kubwa kana kwamba anaita kutoka bondeni:
MAMA YAKO KAKUBALI. ATAENDA ALHAMISI, BAADA YA MNADA.
Kisha, dakika moja baadaye:
ANAULIZA KAMA UMELALA.